Mwanya wa Besi

Hebu mwone kwanza anavyofika kazini. Geti la gereji ni la bati zito, na mafundi wengine hulisukuma kwa mikono miwili huku wakinung'unika. Yeye hulipiga teke moja chini, karibu na bawaba, nalo linafunguka. Anaingia na ovaroli ya bluu iliyopauka magotini, kitambaa kimefungwa kichwani kwa nyuma, mkono wa kushoto uko mfukoni. Hasalimii mtu mpaka amelizunguka gari la kwanza lililogongwa, akapapasa palipobonyea, akajua limepatwa na nini. Hili limebusu nguzo, atasema. Hili si ajali, limepigwa na mtu kwa rungu. Mwambieni mwenyewe aache wake za watu. Hapo ndipo anacheka, na wewe ukiwa umesimama pale utacheka naye, maana kicheko chake kinabeba watu.

Wanamwita Mama Bampa. Kazi yake ni kunyoosha bodi za magari, na hakuna mlango uliokunjamana ambao ameushindwa. Ule mkono unaokaa mfukoni una kasoro: vidole viwili vya katikati vimejikunja kuelekea kiganjani na havinyooki tena. Kwa kazi yake hiyo haijawa shida. Fundi wa bodi hugonga nyundo upande wa nje, na kwa mkono wa pili hukinga kwa kipande cha chuma upande wa ndani ili bati lisirukeruke. Kipande kile hukaa ndani ya vidole vyake vilivyojikunja kama yai kwenye kiota. Ukimuuliza vilipatwa na nini, atakuambia jeki iliteleza. Ndivyo alivyowaambia mafundi wenzake, ndivyo alivyomwambia mumewe mpaka mume akafariki, na ndivyo alivyowaambia watoto wake.

Haikuwa jeki.

Miaka thelathini kabla ya siku ninayotaka kukusimulia, Mama Bampa alikuwa msichana mwembamba aliyepiga gitaa la besi katika bendi ya roki iliyoitwa Misumari. Walikuwa wanne. Kiongozi, mwimbaji na mpiga gitaa, alikuwa jamaa mmoja mrefu mwenye sauti ya kupasua bati. Watu walimwita Radi, na jina lilimkaa vizuri. Bendi ile ilitoa albamu moja tu, *Tupisheni*, nyimbo nane, na albamu hiyo moja imeishi kuliko bendi nyingi zilizotoa kumi. Mpaka leo ukiingia baa fulani fulani utakuta jalada lake limetundikwa ukutani kama picha ya harusi: watu wanne wamesimama wamekupa mgongo, mmoja wao msichana mwenye gitaa refu kuliko yeye.

Kila mwaka, mwezi albamu ilipotoka, redio huipiga yote mfululizo Jumamosi mchana. Kuna mtangazaji ambaye kazi hiyo ameifanya kama ibada. Anaeleza wimbo wa kwanza ulitungwa vipi, wa pili ulirekodiwa vipi, anawapigia simu wazee wa zamani watoe kumbukumbu, wengine wanalia hewani. Wakifika wimbo wa sita anashusha sauti na kusema, sikilizeni sasa. Katikati ya wimbo huo besi inakatika ghafla. Dramu zinaendelea, gitaa linaendelea, lakini chini hakuna kitu, kama mtu aliyeondolewa ngazi. Ndani ya mwanya ule yanasikika mapigo mawili mazito, pu, pu, halafu kimya cha besi kinaendelea kidogo, halafu besi inarudi. Inarudi taratibu, inachechemea, na wapenzi wa roki watakuapia kwamba hakuna kurudi kuzuri kuliko kule katika muziki wote wanaoujua.

Wameufanya mwanya huo kuwa mila. Baa nzima hunyamaza, watu huinua mikono, na mapigo yakifika kila mtu humtwanga aliye jirani yake ngumi mbili begani. Kuna jamaa ngumi ilikosa bega lake akapoteza jino, na kila mwaka humwonyesha kila mtu pengo lake kama medali. Gerejini nao mafundi hugonga mara mbili kwenye bodi ya gari lililo karibu, hata kama la mteja. Mama Bampa saa hiyo huwa amekwenda kutafuta skrubu.

Maana yale mapigo mawili si dramu. Ni stendi ya maikrofoni, ile ya zamani yenye kitako cha chuma, ikitua juu ya mkono wake.

Misumari walikuwa na namna yao ya kufanya kazi. Waliingia studio, chumba chenye magodoro ukutani, wakapiga wote kwa pamoja wimbo mzima, na Radi aliweka sheria moja: kanda haisimami. Ukikosea, endelea. Ukiumwa, endelea. Na ukikosea, adhabu yako utaipata pale pale, wimbo ukiwa unakwenda, na wenzako wataendelea. Mpiga gitaa wa pili alishapigwa kiti cha mgongo katikati ya wimbo wa tatu, na hakuruka hata noti. Baadaye walikuwa wanacheka naye. Walikuwa vijana, wakaona hayo ndiyo maisha ya roki, kwamba muziki mkali unatoka kwa watu wakali. Msichana wa besi naye alishawahi kumrushia mpiga dramu chupa, ikampasua nyusi, na mpiga dramu akamaliza wimbo damu ikimwingia jichoni. Wote wawili wakapongezwa.

Siku ya wimbo wa sita msichana aliingia na besi kabla ya wakati wake. Kosa dogo tu, kama mtu aliyeitikia kabla hajaitwa. Radi aligeuka, gitaa likiwa bado linalia shingoni mwake, akainyanyua stendi kwa mikono miwili, vidole vya msichana vikaganda kwenye nyuzi, naye akaishusha juu ya mkono wa kushoto uliokuwa umeshika shingo ya besi. Mara ya kwanza msichana alisikia mfupa. Mara ya pili hakusikia kitu, aliona tu. Akapiga magoti. Mpiga dramu akaendelea. Gitaa la pili likaendelea. Nyuma ya kioo fundi mitambo akainua kidole gumba, kwamba mitambo iko sawa. Na msichana, kwa kuwa sheria ilikuwa imeshamwingia mwilini, akaishika shingo ya besi kwa vidole viwili vilivyobaki vizima na kidole gumba, akaanza tena. Nyuzi zilikuwa zinateleza kwa damu. Ndiyo maana besi inachechemea.

Radi mwenyewe ndiye aliyembeba mpaka hospitali, akilia njia nzima kuliko mgonjwa. Bendi ikavunjika muda si mrefu, Radi akahamia mbali akawa mtu mkubwa, na mjomba wa msichana akamchukua gerejini kwake. Kumshtaki Radi wakati ule, albamu ikiwa inapigwa kila kona, ilikuwa kama kwenda kuishtaki mvua. Halafu kulikuwa na jambo jingine, ambalo Mama Bampa halisemi kwa wepesi: anaipenda ile albamu. Wimbo wa pili, pale besi inapoingia kama mtu anayefungua mlango kwa bega, ni yeye yule. Hajawahi kufanya kitu kizuri kuliko kile. Angeutoa vipi ukweli wa wimbo wa sita bila kuua na wa pili?

Basi akanyamaza, akaolewa, akazaa.

Kitinda mimba wake ni binti, mrefu na mkavu, wanamwita Sindano. Kama kuna mtoto aliyemrithi mama yake bila kubakiza, ni huyu. Shuleni alimbamiza kijana mmoja vidole kwenye mfuniko wa dawati kwa kumvuta nywele, na mama alipoitwa alikwenda na uso wa huzuni, lakini njiani kurudi wakawa wanacheka mpaka wakakaa chini. Mtoto wa fundi bodi, alisema mama, anajua pa kugonga. Jumapili mchana mama alikuwa akimfundisha besi. Hakuweza kupiga kwa muda mrefu, mkono ulimkaza, lakini aliweza kuonyesha, na binti aliweza kushika. Walipiga wimbo wa kwanza mpaka wa tano, wakaruka wa sita, wakaenda wa saba na wa nane. Mama alisema wa sita ni mbovu.

Sindano alikuwa na miaka kumi na minne mama aliporudi mapema akamkuta chumbani, amekaa kitandani anaupiga wimbo wa sita. Alikuwa ameusikiliza kwa jirani, ameushika wote, na alikuwa amefika kwenye mwanya. Akainua mikono, akapiga mguu chini mara mbili, pu, pu, akatabasamu, akaanza kurudi kwa kuchechemea, sawasawa kabisa. Mama Bampa hakujua amefika vipi kitandani. Alijikuta tu amempiga kofi la uso, mkono ule ule unaonyoosha bati, na binti akaangukia ukuta. Sikio lilimvuma siku kadhaa. Hakuambiwa kwa nini. Mama aliomba radhi, binti akasema sawa, na masomo ya Jumapili yakaisha hapo bila mtu kutangaza kwamba yameisha.

Sasa njoo kwenye mwaka wa thelathini.

Redio ilitangaza kwamba Radi anarudi. Angepiga albamu nzima ukumbini, Jumamosi mchana, ikirushwa moja kwa moja hewani. Mpiga dramu angekuwa yule yule wa zamani, wa gitaa la pili angekuja naye Radi mwenyewe, na kwa upande wa besi alikuwa amefanya usaili wa vijana akampata mmoja wa ajabu. Mama Bampa alisikia akiwa amelala chini ya tela, mdomoni ameshika skrubu mbili. Mtangazaji akasema huyo kijana wa besi ni binti, wanamwita Sindano, na mjiandae.

Mafundi walimshangilia kama amejifungua upya. Waligonga kila bodi iliyokuwa karibu. Yeye alitoka chini ya tela, akazitema skrubu, akatembea moja kwa moja mpaka nyumbani bila kuvua ovaroli.

Sindano alikuwa jikoni anamenya viazi. Mama akasimama mlangoni, akatoa mkono mfukoni, akamwambia yote, kuanzia magodoro ya ukutani mpaka kidole gumba cha fundi mitambo. Alisimulia bila kulia. Binti hakuacha kumenya mpaka hadithi ilipofika kwenye stendi. Hapo akaweka kisu chini.

"Ulisema jeki," alisema.

"Nilidanganya."

"Miaka yote hiyo."

"Miaka yote hiyo."

Sindano akaufuta mkono kwenye sketi, akaja akaushika ule mkono wa mama, akauzungusha kwenye mwanga kama anayekagua kitu sokoni. Halafu akasema polepole kwamba yeye anakumbuka mtu mmoja tu aliyewahi kumpiga kwa sababu ya wimbo huo, na mtu huyo si Radi. Radi kwenye mazoezi amekuwa mzee mpole, anawaletea soda, anawaita wanangu.

"Amejua wewe ni nani?"

"Aliniuliza nani kanifundisha, nikamwambia mama yangu. Akasema mkono huu anaujua."

Mama Bampa akaurudisha mkono mfukoni. Akamwambia asiende. Binti akauliza atajuaje, kati ya uongo wa jeki na huu wa leo, upi ndio uongo. Aliuliza kwa upole, na upole ule ulimwumiza mama kuliko tusi. Mwisho akasema, "Kama ni kweli, mama, nitajua." Akarudi kwenye viazi vyake. Mama hakuelewa maana yake, akadhani ni maneno ya kumaliza maneno.

Mpiga gitaa wa pili na fundi mitambo walikwisha kufariki, akabaki shahidi mmoja. Yule mpiga dramu, aitwaye Kobe kwa namna anavyozungumza, sasa ni kinyozi. Mama Bampa alimkuta ananyoa mtu ndevu kwa wembe, mteja amelaza kichwa nyuma, shingo yote iko nje. Akamwambia aje nyumbani amweleze binti alichokiona siku ile. Kobe akasema hakuona kitu. Yeye hupiga dramu amefumba macho, tangu zamani, kila mtu anajua.

Mama Bampa akamuuliza kama na kunyoa ananyoa hivyo hivyo. Mteja alifumbua jicho moja.

Kobe akasema yaliyopita yamepita, kwamba Radi amebadilika, kwamba kwake yeye Kobe hii ndiyo mara ya mwisho kupanda jukwaani, na mgongo unamuuma. Mama Bampa akamkamata ukosi, akamsukuma mpaka kioo kikapasuka nyuma ya kichwa chake, na wembe ukaanguka. Mteja aliinuka na povu upande mmoja wa uso, akatoka bila hata kuvua shuka. Kobe hakupigana. Aliyafumba macho, mle mle mikononi mwake, akasubiri yaishe. Kwenye nyusi bado alikuwa na kovu la chupa. Mama Bampa alilitazama kovu lile, akamwacha, akaondoka.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa mpaka ngazi. Watu wazima wenye vitambi ndani ya fulana za ujanani, vijana waliozaliwa albamu ikiwa kongwe, yule jamaa wa jino akiwa mstari wa mbele na pengo lake. Mama Bampa alipita katikati yao kwa bega mpaka akagota jukwaani. Mabaunsa wawili walisimama kati yake na ngazi ya pembeni. Alipanga hivi: Radi akigusa tu ile stendi, yeye atakuwa juu kabla haijashuka.

Bendi ikaanza. Lazima niseme ukweli, walipiga vizuri. Radi alikuwa amezeeka uso lakini koo halikuzeeka. Na Sindano, wimbo wa pili, alipoingia na besi kwa bega, Mama Bampa alisahau kwa muda alichokuja kufanya. Alikuwa anajisikia mwenyewe, mzima, mikono yote miwili. Machozi yalimshuka akayaacha. Jirani yake, jamaa asiyemfahamu, alimpa kitambaa akamwambia na mimi pia, dada, kila mwaka.

Wimbo wa sita ukaanza, na ukumbi mzima ukavuta pumzi. Watu waligeukiana, ngumi zikainuliwa. Mtangazaji akanong'ona kwenye maikrofoni yake, sikilizeni sasa. Radi akasogea kando kidogo, kama mwenye nyumba anayempisha mgeni mheshimiwa.

Mwanya ulifika, na Sindano hakukatika.

Aliendelea. Alipiga zile noti ambazo hazikuwahi kusikika popote, zile ambazo zingekuwepo miaka thelathini iliyopita kama mkono usingevunjwa, na Mama Bampa alizijua kila moja, ingawa hakuwahi kumfundisha. Binti alikuwa amezipata mwenyewe kwa kuufuata wimbo unakotaka kwenda. Ukumbi ulichanganyikiwa. Wengine walitwanga mara moja wakasita, wengine walibaki na ngumi hewani. Na Sindano alikuwa hatazami nyuzi. Alikuwa anamtazama Radi usoni, kama mtu aliyeuliza swali.

Radi aligeuka. Uso wa mzee mpole ulidondoka kama puti ya kuzibia bati iliyopakwa juu ya kutu. Aliinyanyua stendi kwa mikono miwili.

Mama Bampa alikwisha kuchomoka kuelekea ngazi. Kiwiko chake kilikwenda puani mwa baunsa wa kwanza, akasikia pua imelainika. Wa pili alimkumbatia kiunoni, naye akamkanyaga wayo kwa buti la kazi, akamng'ata mkono mpaka ukaachia. Alipanda ngazi kwa magoti. Aliita jina la mwanawe, lakini spika zilikuwa zinameza kila kitu.

Stendi ilishuka. Sindano alirudi nyuma hatua moja tu, na kitako cha chuma kikatoboa ubao wa jukwaa pale mguu wake ulipokuwa. Kabla Radi hajakichomoa, binti alikuwa amevua mkanda wa gitaa. Aliishika besi kwa shingo, akaizungusha. Pigo la kwanza lilimpata Radi mikononi, vidole vikiwa bado vimeng'ang'ania stendi, na waliokuwa mbele walisikia vikivunjika. La pili lilimpata taya. Mzee alikwenda chini kwa upande, akatema damu na meno juu ya viatu vyake mwenyewe.

Kobe alikuwa amefumba macho. Dramu hazikusimama.

Ukumbi ulilipuka kwa furaha. Pigo la kwanza walikuwa wamelihesabu, la pili wamelihesabu, na sasa kila mtu alikuwa anamtwanga jirani yake huku akicheka na kulia. Mtangazaji alikuwa anapiga kelele hewani kwamba haijawahi kutokea. Hakuna hata mmoja, wewe, aliyeona mtu anapigwa. Waliona wimbo wa sita. Radi alijaribu kuinuka, akateleza, na wakamshangilia kwa hilo pia.

Mama Bampa alifika pembeni ya jukwaa na kunyoosha mikono yote miwili, akimwita binti aje, waondoke, imetosha. Sindano alimwona. Alimtazama kama dakika nzima hivi, au pengine ilikuwa pumzi moja. Halafu akavaa mkanda wa gitaa shingoni. Uzi mmoja ulikuwa umekatika na mwili wa besi ulikuwa na damu ya mzee. Akainamisha kichwa, akasubiri dramu zimfikie, na akarudi kwenye wimbo pale pale aliporudi mama yake, taratibu, akichechemea. Akaumaliza. Akapiga na wa saba. Akapiga na wa nane.

Radi alifungwa taya kwa nyaya na hakumshtaki mtu. Polisi walipomwendea aliandika kwenye karatasi kwamba ilikuwa sehemu ya onyesho, na wote waliokuwepo wakaapa hivyo hivyo, Kobe wa kwanza. Redio imerudia wimbo ule kila siku. Baa zimeanza kutwangana kwa namna mpya, na kuna kijana amelazwa kwa kupigwa kigoda usoni na rafiki yake wa karibu, wakapiga picha wote wawili wodini wakitabasamu. Waandaaji nao walikuja mpaka nyumbani, watu wenye adabu, wakavua viatu mlangoni. Wanataka Sindano aiongoze Misumari kwa safari ya miji yote, na katika kila mji, wimbo wa sita, lazima kuwe na pigo. Wamepata hata mtu wa kulipokea, baunsa wa zamani, mwili nyumba, amekubali mwenyewe. Atavaa kinga taya.

Mama Bampa aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaonyesha viatu vyao.

Baada ya hapo walibaki wawili sebuleni. Mama hakugomba. Aliuliza jambo moja lililomkosesha usingizi: alipomnyooshea mikono, kwa nini alirudi kupiga. Sindano akasema wimbo ulikuwa haujaisha. Alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki. Mama akaona yule msichana wa chumba cha magodoro amesimama mbele yake, mzima, mwenye vidole kumi, na sheria ile ile imemwingia mwilini, tofauti ni kwamba safari hii stendi imeshikwa na yeye.

Akamwambia hatakwenda. Binti akamuuliza kwani alitaka yeye afanye nini siku ile, akae apigwe? Mama akasema hapana. Basi alitaka akimbie? Mama akageuza uso kuelekea dirishani, kwa sababu Sindano alipompiga yule mzee, mama moyoni mwake, nakuambia na wewe kama alivyoniambia, alifurahi. Alifurahi kwa pigo la kwanza na akafurahi zaidi kwa la pili.

"Ukinizuia itabidi unikamate," Sindano alisema. "Na ukinikamata, mama, mimi si yule wa miaka kumi na minne."

Gari la bendi linaondoka Ijumaa. Begi la binti limeshafungwa, liko nyuma ya mlango. Mama Bampa ana mikono ya kuung'oa ule mlango na kuusimamisha popote anapotaka, ana nguvu za kumfungia mtu ndani mwezi mzima, na anajua vizuri kwamba siku akimshika kwa nguvu atakuwa amempeleka kwenye lile gari kwa mkono wake mwenyewe. Amekaa kitini amekunja mikono mapajani, anafikiri. Wewe uliye na mtoto, au uliyewahi kuwa mtoto wa mtu, ungemzuia vipi huyu bila kumwinulia mkono?